Maji ya Kifuu: Makosa ya Anayeanza Kufuga Samaki wa Bahari katika Nyanza ya Kusini

Si mbali na mji wa Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, liko ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima, lililotuama ndani ya shimo la volkano ya kale, ambalo wenyeji husimulia kuwa zamani palikuwa kijiji, na kwamba bikizee mgeni alipofika usiku akiomba hifadhi akafukuzwa huku na huku na watu waliokuwa katika ngoma na pombe, maji yakapanda yakawameza wote isipokuwa yule aliyempokea. Hadithi hiyo ina adabu yake, nami naiacha kwa wenyewe. Linalonishughulisha mimi ni maji yenyewe: ni maji ya chumvi, walakini chumvi yake ni ya magadi, makali hata samaki hawaishi humo, na kinachostawi ni mwani mdogo wa kijani ambao heroe huja kuula kwa makundi, ilhali mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo pana Ziwa Victoria, ambalo maji yake ni baridi na samaki wake wamelisha watu karne kwa karne. Mtu akisimama ukingoni mwa Simbi akatazama pande zote mbili, hupata kwa jicho lake jambo ambalo anayeanza kufuga samaki wa bahari aghalabu hulipata kwa hasara, nalo ni kwamba chumvi si kitu kimoja, wala maji si chombo kitupu kinachongoja kutiwa samaki.

Tumdhanie mtu wa Nyanza ya Kusini, ama mwenye hoteli mjini Homa Bay, ama mwalimu wa Rongo, aliyekwenda Mombasa siku za likizo akaona ndani ya kioo samaki wa matumbawe, huyu wa manjano kama bizari na yule wa samawati kama wino, akarudi kwao na nia ya kuiweka bahari sebuleni. Nia hiyo si ya kuchekwa, kwani binadamu amependa kuwa na bustani jangwani tangu awali. Lakini katika juma la kwanza atafanya makosa ambayo, yakihesabiwa moja moja, huonekana mengi na yasiyo na udugu, na vitabu vya ufugaji huyaorodhesha kama bei za vitu dukani; nami nimekuja kuamini kuwa yote ni matawi ya kosa moja. Mtu huyo hudhani kuwa anafuga samaki. Kwa hakika anafuga maji, na samaki ni wageni waliokuja kula na kulala katika nyumba ambayo, siku wanayofika, mara nyingi haijajengwa.

Kosa hili lina nasaba ndefu. Mjini London, katika mwaka 1849 na 1850, mkemia aitwaye Robert Warington aliweka ndani ya chombo kimoja samaki, majani ya majini na konokono, akaonyesha kuwa watatu hao wanaweza kusaidiana hata maji yakadumu safi muda mrefu bila kubadilishwa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya mji huo ikafungua nyumba ya samaki kwa watazamaji, na mwaka uliofuata mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse akatoa kitabu kuhusu hodhi la maji ya bahari, Uingereza nzima ikaingia wazimu wa kuchota viumbe pwani na kuvitia vioo majumbani. Wazimu huo haukudumu. Mnamo miaka ya 1860 ulikuwa umekwisha kufifia, kwa kuwa watu walipenda viumbe pasi na kuyajua maji, na vyumba vya wastaarabu vikanuka. Ilipita miaka mia kabla ya Lee Chin Eng wa Jakarta kuwaeleza wafugaji wa nchi za mbali, mnamo mwaka 1961, kuwa yeye huweka ndani ya hodhi mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na uhai wake, kisha hupitisha mapovu ya hewa tu, na viumbe wake huishi. Yeye alikuwa na bahari jirani. Mtu wa Migori hanayo. Lakini maana ya alilosema ilikuwa kubwa kuliko mahali pake: uhai wa hodhi umo katika mawe na mchanga, katika vitu visivyotazamwa na mtu.

Sasa na tuanze na chumvi, kwa sababu ndipo kosa la kwanza la wazi hutokea. Kilo moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 za chumvi kwa wastani, na kwa hesabu hiyo hodhi la lita 200 huhitaji kilo 7. Mwanafunzi wetu akiisikia hesabu hii, na akiijua bei ya chumvi maalumu ya mahodhi ambayo huagizwa kutoka ng'ambo, huingiwa na fikira iliyo ya akili kabisa, na yenye kuua kabisa: mbona asiende dukani akanunua pakiti saba za chumvi ya jikoni? Chumvi hiyo ni ya Kenya, na sehemu kubwa yake hutengenezwa katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, kwa maji ya bahari ile ile walikozaliwa samaki. Ikiwa imetoka baharini, kuna ubaya gani kuirudisha majini?

Ubaya wake umo katika namna inavyotoka. Maji ya bahari yakilazwa juani katika viwanja, kila kitu kilichomo huachana na maji kwa zamu yake. Chokaa hutangulia kutuama, ikifuatwa na jasi, na baada ya hapo ndipo hufanyika fuwele za chumvi tunayoila. Na maji machungu yanayobaki mwishoni, yaliyojaa magnesiamu na potasiamu, huondolewa ili chumvi isiwe na uchungu. Mtengenezaji hufanya hivyo kwa ustadi, na mlaji humshukuru. Lakini katika chumvi ile bahari imekwisha gawanyika, ikachukuliwa sehemu moja tu. Na juu ya hayo huongezwa madini ya joto kwa amri ya sheria, kwa faida ya shingo za watu. Samaki akitiwa katika maji ya chumvi hiyo anaweza kusukuma siku kadhaa, na siku hizo ndizo zinazomhadaa mwenyewe akajiona amewashinda wauzaji. Ila kamba na konokono, na matumbawe zaidi yao, ambao hujenga magamba na mifupa kwa kalisiamu iliyomo majini, hawana cha kujengea. Simbi ni chumvi bila bahari kwa namna moja. Hodhi la chumvi ya ugali ni chumvi bila bahari kwa namna nyingine.

Chumvi ikipatikana ilivyo sawasawa, husalia swali la maji ya kuitia, na katika kaunti hizi mbili, Homa Bay na Migori, swali hilo lina mashimo mengi njiani. Maji ya ziwa, ambayo mtu wa Homa Bay hushawishika kuyatumia kwa kuwa yapo mlangoni, yamebeba rutuba inayoshuka kutoka mashambani na mijini, na Ghuba ya Winam hugeuka kijani kwa mwani wenye sumu katika vipindi fulani. Kuyatia ndani ya kioo chenye taa ni kuupanda mwani huo kwa mkono wako. Maji ya bomba hutiwa klorini, ambayo huua vijidudu vya maradhi kwa manufaa yetu, na kwa nguvu hiyo hiyo huua vijidudu ambao hodhi haliwezi kuishi bila wao. Maji ya mvua yakivunwa juu ya mabati huweza kubeba zinki. Na huko Nyatike, katika kaunti ya Migori, pana jambo la kuangaliwa kwa hadhari zaidi: eneo la Macalder lilikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, na hadi leo wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu huko na huiokota kwa zebaki. Shaba, hata ikiwa kidogo kiasi cha kutoonekana wala kuonjeka, ni sumu kali kwa kamba, konokono na matumbawe. Basi kisima kilicho jirani na ardhi ya namna hiyo, hata kama maji yake yanang'aa kama almasi, si cha kuaminiwa kwa kazi hii. Bahati njema ni kuwa siku hizi miji yetu ina maduka yanayosafisha maji ya kunywa kwa kuyapitisha katika utando mwembamba kwa shinikizo, na kuyauza kwa mtungi. Maji hayo, ambayo wengine hulalamika kuwa hayana ladha, ndiyo bora kuliko yote kwa hodhi, maadamu mwenye duka hubadilisha vichujio vyake kwa wakati. Nami ningemshauri mtu anunue kipimo kidogo cha madini ayapime mwenyewe, kwa kuwa imani haina kipimo.

Tumefika sasa kwenye moyo wa mambo. Samaki akila, hutoa taka, na sehemu kubwa ya taka hiyo hutoka katika mashavu yake kwa sura ya amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Baharini amonia hiyo hupotea katika ukubwa usio na mwisho. Ndani ya kioo haina pa kwenda, na ingemuua samaki kwa siku chache, lau si kwa aina za bakteria wanaoishi juu ya mawe, juu ya mchanga na ndani ya sifongo za kichujio: kundi moja huila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo ubaya wake ni mdogo na huweza kupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Bakteria hawa hawauzwi pamoja na kioo. Huja wenyewe, au huletwa na mawe yaliyo hai, nao huzaana polepole, hata hodhi jipya huchukua kiasi cha majuma manne hadi sita kabla ya kuwa na jeshi la kutosha. Katika muda wote huo maji huwa meupe na mazuri, taa zinawaka, pampu inanguruma, kila kitu kinaonekana tayari, na hapana kitu kilicho tayari. Mwenye hodhi hutazama kioo kitupu, majirani humwuliza samaki wako wapi, naye siku ya nane huvunja ahadi aliyojiwekea.

Katika maji ya bahari haraka hiyo hutozwa faini kubwa kuliko katika bwawa. Amonia huwa na sura mbili majini, moja ya sumu na moja isiyodhuru sana, na kinachoamua mgao wake ni pH ya maji: penye pH ya 7 sehemu ya sumu haifiki moja katika mia, ilhali katika maji ya bahari, ambayo pH yake huwa kiasi cha 8.2, sehemu hiyo hupanda mara kumi au kupita. Kwa hiyo mtu aliyewahi kufuga tilapia katika bwawa la udongo, akaona wakivumilia maji yaliyochafuka, huja kwenye hodhi la bahari na ushujaa usiofaa, kwa sababu kiasi kile kile cha uchafu ambacho tilapia alikipuuza humuua samaki wa matumbawe.

Nimewataja tilapia kwa makusudi, maana watu wa Homa Bay na Migori wana darasa kubwa la somo hili hili katika mashamba na katika ziwa lao, na huwa nastaajabu kuona mtu akiagiza vitabu vya ng'ambo kabla ya kuuliza ufukweni. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi ambao ndani yake mabwawa ya samaki, kila moja la meta za mraba 300, yalichimbwa kwa maelfu nchini, na mengi yakaja kuachwa yakaota majani, kwa kuwa vifaranga vilifika mashimoni mapema kuliko maarifa ya maji na chakula yalivyofika kwa wenyewe. Kisha vikaja vizimba vya nyavu vinavyoelea ziwani, ambavyo vimeongezeka kwa kasi upande wa Kenya katika muongo mmoja uliopita. Aliyeanza na kizimba kwa pupa alikiweka mahali palipo karibu na nyumba yake, katika kina kifupi cha ghuba iliyotulia, ili apate kukilinda na wezi. Naye alikuwa amechagua mahali ambapo taka hutuama chini ya nyavu na maji hayabadiliki. Kuelekea mwisho wa mwaka 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi mno upande wetu wa ziwa, na maelezo yaliyotolewa na wataalamu yalikuwa upungufu wa oksijeni uliotokea maji ya chini yalipopanda juu. Ikiwa Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi, huweza kushindwa kuyameza makosa ya watu, kioo cha lita 60 kitayamezaje?

Na hapa ndipo wahenga wetu wa pwani waliposema kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hiyo aghalabu husemwa kwa dhihaka, lakini katika elimu ya mahodhi ina hesabu ndani yake. Mwanafunzi hufikiri kuwa aanze na chombo kidogo ili kosa lake liwe dogo, na mambo ni kinyume chake, kwa kuwa chombo kidogo hulikuza kosa. Maji yanapokauka kwa joto, chumvi haipandi hewani pamoja nayo. Hodhi la lita 20 likipoteza lita 2, jambo ambalo huweza kutukia kwa siku chache tu katika joto la Homa Bay na Mbita, ukali wa chumvi hutoka 35 hukaribia 39. Hodhi la lita 200 likipoteza lita hizo hizo 2, ukali hupanda kwa nukta isiyofika nusu, na samaki hana habari. Kisha huja kosa juu ya kosa: mwenyewe huona maji yamepungua, akachanganya maji mengine ya chumvi akajaza, na kila juma bahari yake ikazidi kuwa chungu, na ilhali lililopotea ni maji matupu na la kurudishwa ni maji matupu. Haidromita ya bei ndogo ingemwonyesha, kama angeitazama. Ajapokuwa na fedha za hodhi kubwa, hana budi kukumbuka pia kwamba lita 200 za maji zina uzito wa kilo 200 na zaidi, na kwa kioo, mawe na mchanga hupita kiasi hicho mbali, uzito ambao meza ya sebuleni haikuundiwa. Wala sakafu ya udongo iliyosakafiwa juujuu haikai sawa chini yake, na kioo kilichokaa upande hupasuka kwenye kona.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya watu wa pwani za Ulaya na Marekani havilitaji, kwa kuwa waandishi wake hukaa usawa wa bahari, nalo ni mwinuko wa nchi. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Migori uko juu zaidi, na mahali hapo uzito wa hewa ni pungufu kwa kiasi cha sehemu 12 katika mia. Lita ya maji baridi yenye joto la sentigredi 25 huweza kushika miligramu 8 na kidogo za oksijeni pwani. Ya maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi yake, haizidi 7. Na lita hiyo ya maji ya bahari ikipandishwa Homa Bay hushika takriban 6 tu. Samaki wa Mombasa aliyeletwa ziwani ni kama mtu wa pwani aliyepandishwa mlimani akaambiwa akimbie. Kwa hivyo idadi ya samaki iliyopendekezwa katika kitabu na ipunguzwe, na mwendo wa maji juu ya uso uongezwe. Na stima inapopotea, kama inavyopotea kwetu bila kuaga, saa zilizopo kabla ya samaki kuanza kuhema juu ni chache kuliko zile alizoahidiwa mwenye kitabu. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, iliyokaa kabatini ikiwa na chaji, ina thamani kuliko nusu ya mapambo yaliyomo ndani ya kioo.

Pampu hiyo, hata hivyo, huvuta hewa ya chumba, na chumba cha Nyanza ya Kusini ni chumba cha nchi ya malaria. Watu hupuliza dawa ya mbu kila jioni, na katika Migori kuanzia mwaka 2017, na Homa Bay baada yake, yamefanyika mazoezi ya kunyunyiza dawa katika kuta za nyumba. Dawa nyingi za wadudu, ambazo kwa binadamu zina madhara madogo zikitumiwa ipasavyo, ni maangamizi kwa samaki, na zaidi kwa kamba, ambao kwa umbo la damu na neva zao ni jamaa wa wadudu. Sisemi mtu aache kujikinga na mbu, kwa maana mtoto mmoja hana kadiri kwa samaki elfu. Lakini chandarua kitumike chumba hicho badala ya kupuliza, na siku ya kunyunyizwa kuta hodhi lifunikwe kwa nailoni, na pampu ivute hewa kutoka nje kwa mpira mrefu.

Samaki wenyewe nimewachelewesha, kama inavyopasa. Kutoka Mombasa hadi Homa Bay ni zaidi ya kilomita 800, na mzigo wa samaki husafiri usiku ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni na kufungwa katika maboksi. Humo njiani samaki hupumua na kutoa taka. Hewa chafu anayoitoa huishusha pH ya maji ya mfuko, na kushuka huko, kwa rehema isiyotarajiwa, huifanya amonia iliyojikusanya isiwe na makali. Mfuko unapofunguliwa hewa chafu huruka, pH hupanda, na sumu iliyokuwa imelala huamka. Anayeanza, ambaye ameshauriwa kuwazoesha wageni polepole, huufungua mfuko akakaa saa mbili akidondosha maji ya hodhi ndani yake tone kwa tone, akidhani anafanya hisani. Kumbe baada ya safari ndefu kama hiyo ilifaa mfuko uelee umefungwa mpaka joto lilingane, chumvi ya maji ya kupokelea iwe imesawazishwa na ile ya mfuko mapema, kisha samaki atolewe upesi, na maji ya mfuko yamwagwe.

Na ni samaki gani? Jicho la mgeni huvutwa na kangaja wa samawati, aliyezoea kuzunguka mwamba mchana kutwa, ambaye ndani ya kioo kifupi hupiga kona hata akakonda. Huvutwa pia na yule samaki mdogo msafishaji mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye ni miongoni mwa wanaokamatwa sana katika pwani ya Kenya kwa biashara ya mapambo. Riziki yake ni wadudu wanaokaa juu ya miili ya samaki wengine, na katika hodhi la samaki wawili watatu riziki hiyo huisha akafa kwa njaa huku akizungukwa na chakula asichokijua. Ninaona ubaya mwingine katika kumnunua, usiohusu mfuko wa mnunuzi: kila msafishaji aliyeondolewa mwambani ameacha wagonjwa wake nyuma. Mnunuzi na aulize samaki alikamatwa wapi na muuzaji ana leseni gani, na matumbawe magumu, ambayo biashara yake ya kimataifa husimamiwa kwa mkataba, asiyaguse bila hati. Chakula ni neno fupi: kidogo, na mara moja au mbili kwa siku. Wageni wa hotelini wasiruhusiwe kudondosha ugali wala omena iliyoanikwa mchangani, hata wakiwa na nia njema, maana kisicholiwa huoza, na kinachooza ni amonia kwa jina jingine.

Nikiulizwa kama mtu wa Homa Bay au Migori aanze na bahari, nitajibu kuwa la, asianze nayo, japokuwa anaweza kuishia kwayo. Ndani ya ziwa lake wamo fulu, samaki wadogo ambao madume yao hung'aa kwa nyekundu, samawati na manjano pasipo kumwonea wivu samaki yeyote wa matumbawe. Walikuwa aina mamia. Mbuta, yaani sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, alipofurika katika miaka ya 1980, wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka, na baadhi ya zilizosalia zimetunzwa vizazi kwa vizazi katika vioo vya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako wapenzi wa mahodhi huwathamini kuliko tunavyowathamini sisi tunaowatupia ndege. Huko Kisumu, katika jumba la makumbusho, wamo samaki wa ziwa ndani ya vioo, na safari ya kwenda kuwatazama ni ya saa chache. Anayejifunza mzunguko wa amonia kwa fulu wanne ndani ya maji baridi atakuwa amejifunza sehemu kubwa ya kazi kwa gharama ndogo, wala hatakuwa ameuvua mwamba wa mtu mwingine.

Lipo kosa la mwisho, la anayechoka. Huyo hulifungua hodhi na kuyamwaga maji yake ya chumvi katika shamba la sukuma wiki, ambayo hukauka; au, akiwaonea huruma samaki na majani yake, huenda gatini jioni akawatupa ziwani. Samaki wa bahari watakufa humo kabla ya kucha, lakini samaki na majani ya maji baridi, ambayo mtu huyo huyo huenda aliyanunua kwa pambo, hayatakufa. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau, likipandwa katika vidimbwi vya bustani. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria lilionekana mnamo mwaka 1990, na ilipofika mwaka 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam, mashua za wavuvi zikashindwa kutoka ufukweni katika siku ambazo ua lilikuwa limechanua.